Ndiyo au Hapana, Curt?

Verna Lindquist aliwapikia watoto wa shule ya mji mdogo wa Corley kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu magoti yalikuwa yamekwisha, lakini nyumba ilikuwa yake. Ilikuwa nyumba ya bati na mbao, ile inayoletwa na lori na kuwekwa juu ya matofali. Ardhi iliyokuwa chini yake ndiyo haikuwa yake. Kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja, na mwenye viwanja, mzee Tolliver, alikuja mwenyewe kuichukua, akanywa kahawa, akaenda zake.

Mzee Tolliver akafa. Wanawe wakaviuza viwanja vyote sabini na viwili kwa kampuni ya mbali, ambayo hakuna aliyewahi kumwona hata mtu wake mmoja. Mwezi wa Agosti barua ikabandikwa mlangoni: kuanzia Januari, kodi itapanda kutoka dola mia tatu hadi mia tano na arobaini.

Merle, mumewe Verna, alikuwa na mapafu mabovu. Alipumua kwa msaada wa mashine. Aliisoma barua mara mbili.

"Waambie hatulipi," alisema. "Tunaondoka na nyumba yetu."

"Utaiburuta kwa meno? Nyumba ina miaka arobaini na moja, Merle. Ukiinyanyua tu inakatika katikati."

"Basi mpigie Curt."

Curt Vandermeer alikuwa mbunge wao katika bunge la jimbo. Kila Septemba kikosi cha zimamoto cha Corley hupika chapati za maji kuchangisha fedha, na wagombea huvaa aproni na kuzigeuza. Hapo ndipo watu wa Corley wanapompima mgombea. Curt alizirusha juu na kuzidaka. Alimjua kila mtu kwa jina. Verna alimpigia kura mara tatu, na bango lake lilisimama mbele ya nyumba. Hakuwahi kumwuliza swali hata moja. Kumbana kwa siasa mtu aliyekupakulia chakula, kwao ni kukosa adabu.

Verna alipiga simu ofisini kwa Curt mara tatu. Aliacha ujumbe, wala hakuna aliyempigia.

Jirani yake, Ofelia Barragán, alifanya kazi maktaba ya wilaya. Jioni moja alikuja na kompyuta yake, akaiweka mezani.

"Mama Verna, lile bango la nje ni la nani?"

"La Curt. Mtu mwema sana."

"Sikuulizi wema wake. Nauliza, unajua anavyopiga kura?"

Ofelia akafungua ukurasa wa bunge la jimbo.

"Miaka miwili iliyopita uliletwa muswada wa kuweka kikomo cha kodi za viwanja kama chetu. Tazama. Vandermeer: hapana. Mwaka jana ukarudishwa. Vandermeer?"

"Hapana," Verna alisoma polepole.

"Sasa tazama huku. Hawa ndio waliomchangia kampeni."

Karibu na juu ya orodha palikuwa na chama cha wenye viwanja. Verna aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeipataje siri hii?"

"Siri gani? Sheria inataka iwekwe wazi. Hatuangalii tu. Tumekaa kuhesabu nani kadaka chapati ngapi."

"Mimi nilidhani mambo ya makampuni yanaamuliwa Washington."

"Mengine, ndiyo. Kodi ya kiwanja inaamuliwa na jimbo. Lakini kwenye karatasi ya kura, watu wakishajaza jina la rais wanachoka, wanaacha chini patupu. Na huko chini ndiko iliko nyumba yako."

Verna aliona aibu, na baada ya aibu alipandwa na hasira. "Niambie la kufanya."

"Andika swali moja. Wagombea wote waulizwe hilohilo, na liwe la kujibiwa ndiyo au hapana. Watie sahihi. Usiwaulize kama wanatujali. Nani atakubali kwamba hatujali?"

Siku ya chapati Verna alipanga foleni na karatasi mkononi.

"Verna!" Curt alisema. "Merle anapumuaje?"

"Kwa shida. Curt, utaunga mkono kikomo cha kodi za viwanja? Ndiyo au hapana?"

"Ah, hilo jambo pana. Tukiwabana wawekezaji, watakimbia."

"Ndiyo au hapana, Curt?"

"Mama, leo ni siku ya zimamoto."

"Najua. Angalia, chapati yako inaungua."

Wawili watatu walicheka. Nyuma yake mtu alinong'ona, "Verna, aibu bwana." Uso ulimwaka moto, lakini hakusogea mpaka Curt alipomgeukia mtu mwingine.

Mpinzani wa Curt, Denise Pruett, dereva wa basi la shule, naye alipoulizwa alianza kuzungukazunguka kwa maneno. "Nitalitazama kwa makini..."

"Hata wewe?" Verna alimkatiza.

Denise aliisoma karatasi mara mbili. Aliandika "ndiyo", akatia sahihi.

Verna aliibandika ile karatasi kwenye chumba cha kufulia, ambako kila mpangaji hupita. Penye jina la Curt aliandika: Hakujibu. Kisha akaling'oa lile bango. Ofelia alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaeleza watu wajaze karatasi ya kura mpaka chini kabisa. Mwezi wa Novemba Denise alishinda kwa kura thelathini na nane.

"Tumeshinda, siyo?" Merle aliuliza.

Lakini Januari ilifika kabla ya bunge kukaa. Walilipa Januari kwa kupunguza chakula, na Februari kwa kupunguza dawa. Machi hawakuwa na cha kupunguza. Walihamia chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwa dada yake Verna, wilaya nyingine. Merle alizishuka ngazi kumi na mbili kwa dakika ishirini. Nyumba waliiacha palepale, na kampuni ikaifunga kwa kufuli yake.

Mwezi wa Mei Ofelia alipiga simu huku analia.

"Muswada umepita! Kodi haipandi zaidi ya asilimia nne kwa mwaka. Denise ndiye aliyeupeleka."

"Inatuhusu na sisi tuliokwisha kutoka?"

"Hapana, Mama Verna. Sheria haihesabu ya nyuma."

Verna alisikia mashine ya Merle ikikoroma upande wa pili wa pazia.

"Wewe bado upo kwako?"

"Nipo. Tumebaki nyumba hamsini na tisa kati ya sabini na mbili."

"Vizuri," Verna alisema. "Ofelia, nimejiandikisha kupiga kura huku. Nitafutie majina ya wagombea wa huku. Wote, mpaka wa chini kabisa."