Kinga Iliyochemshwa

Kila asubuhi Milembe alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda shule ya Migato pamoja na kaka yake, Malimi. Walipopita kando ya shamba la pamba la kijiji, Milembe alikariri ngonjera kwa sauti. Mwalimu Felisita alikuwa amemchagua kuongoza ngonjera ya darasa la saba siku ya Saba Saba, mbele ya watu wa wilaya nzima huko Bariadi.

Tatizo lilikuwa taya. Kila alipoamka, misuli ya mashavu ilikuwa imekaza, na kufungua mdomo kulimuuma.

"Usiku unasaga meno kama jiwe la kusagia mtama," Malimi alimcheka. "Hata mbuzi hawalali!"

"Mwongo wewe!"

"Ni minyoo," alisema mama yao. Akampa dawa ya minyoo, lakini meno yaliendelea kusagana.

Wakaenda hospitali, Bariadi. Daktari wa meno, Bwana Uledi, alibonyeza mashavu ya Milembe, akayatazama meno yaliyoanza kulika.

"Mama, hii si minyoo," alisema. "Misuli ya taya inafanya kazi usiku badala ya kupumzika."

Alichukua umbo la meno yake, akamtengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa kwenye meno ya juu.

"Ivae kila usiku," alimwambia Milembe. "Hutaacha kusaga mara moja, lakini meno hayatalika na misuli itapumzika. Asubuhi ioshe vizuri. Kwa sasa usitafune miwa wala bisi. Na mchana, funga midomo lakini meno yasigusane."

Milembe alifuata maagizo. Maumivu yakapungua, na ngonjera ikatoka bila kukwama.

Jioni moja wanakijiji walikusanyika kusikiliza darasa la afya redioni. Walifundishwa kuchemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu. Milembe aliwaza: ikiwa maji huchemshwa, basi na kinga inayokaa mdomoni ichemshwe. Asubuhi akaitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota.

Alipoitoa, ilikuwa imepinda. Aliijaribu mdomoni, ikakataa kukaa. Akaifunga kwenye kitambaa na kuificha chini ya kitanda.

"Ulivaa kinga yako usiku?" mama aliuliza kila asubuhi.

"Nilivaa, mayu," alimjibu mama yake kwa Kisukuma.

Taya likaanza kukaza tena. Siku moja, katika mazoezi, Milembe alikwama kwenye ubeti wa pili. Mdomo haukufunguka vya kutosha.

"Ukiendelea hivi, nafasi yako nitampa mwenzako Shida," alisema Mwalimu Felisita. "Saba Saba haitusubiri."

Milembe alirudi nyumbani, akaitoa kinga chini ya kitanda, akamweleza mama yake kila kitu. Kesho yake walikuwa mbele ya Bwana Uledi.

"Niliichemsha, daktari. Kisha nikadanganya."

Daktari aliigeuza kinga mkononi. "Plastiki hii hupinda kwenye maji ya moto. Nilikuambia uioshe, sikukuambia utumie maji baridi. Hilo ni kosa langu. Kuificha ni kosa lako." Akafungua kabati. "Umbo la meno yako bado ninalo. Nitakutengenezea nyingine."

Siku ya Saba Saba, Milembe aliongoza ngonjera mpaka ubeti wa mwisho. Sauti yake ilifika hadi nyuma ya uwanja.

"Leo umesaga maneno, si meno," alisema Malimi, na Milembe akacheka bila kushika shavu.

Walipofika nyumbani, mama alimketisha.

"Kuichemsha ulikosea kwa kutojua. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini kila ulipojibu kwamba umevaa, ulituzuia kukusaidia. Ugonjwa hautibiki kwa habari za uongo. Kitu kikiharibika, sema siku hiyo hiyo."

"Nimeelewa, mayu."

Asubuhi iliyofuata Milembe alichota kata ya maji baridi mtungini, akaosha kinga yake mlangoni, mahali ambapo kila mtu alimwona.