Tumwombee Binti Anayetafuta Bunduki

Jumamosi ile, mbele ya duka la vyakula pale Adelphi, watu walijaa kana kwamba unga unagawiwa bure. Wanaijeria walibishana na muuzaji juu ya samaki mkavu, watoto wa Kisalvador waliendesha vitoroli vya duka kama magari ya mashindano, na ukutani, kwenye simu ya sarafu, Benadetha alikuwa amejikunja kama mtu anayeficha jipu.

Alikuwa binti mwembamba, kasuka twende kilioni, kavaa sweta la kijani na sketi ya jinzi iliyomfika kwenye vifundo. Alikuwa amehamia Gaithersburg wiki hiyo hiyo kutoka Kentucky, kuanza kazi ya maabara, na simu ya nyumbani ilikuwa haijaunganishwa.

"Samahani sana," alisema kwa Kiingereza cha kunong'ona. "Mna uwanja wa kufyatulia bunduki? ... Hapana, ya kwangu ninayo. ... Jumamosi mnafungua?"

Akasikiliza, akakata, akatumbukiza sarafu nyingine. Simu ikaimeza bila kulia.

"Mungu wangu, hela yangu jamani!"

"Ah! Mtanzania!" sauti ikasema nyuma yake.

Bena aliruka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye suruali ya bluu ya wahudumu wa wagonjwa na koti la baridi lililoonekana kama alirithi kwa mtu mnene. Mkononi alishika kadi ya simu ya kupigia Kenya.

"Umejuaje?"

"Mkenya angekuwa ashaitusi hiyo simu, na mamake pia. Wewe unaisihi." Akatabasamu, na Bena akaona pengo dogo katikati ya meno, akaangalia pembeni haraka. "Naitwa Nehemiah Cheruiyot. Na kabla uulize: hapana, sijui kukimbia."

"Benadetha."

"Sasa Benadetha, nimesikia unatafuta... zile vitu."

"Umesikiliza simu yangu?"

"Nilikuwa kwa laini. Ningefanya nini, niweke masikio kwa mfuko?" Akashusha sauti. "Kuna shida mahali?"

"Ni mazoezi tu," Bena alijibu, akiongea na viatu vyake.

Huo ulikuwa ukweli mtupu. Lakini Bena alikuwa na balaa moja tangu utotoni: akisema ukweli, aibu humfanya aonekane anadanganya. Nehemiah alimtazama, akaitia kadi yake ya simu mfukoni.

"Nitakupeleka."

"Nielekeze tu, kaka. Nimehamia juzi, lakini ninayo ramani."

"Ramani! Mgeni amefika juzi nimpe ramani? Mama akisikia huko Kapsabet atanikana. Unga nitakupeleka, mbuzi nitakupeleka, kanisa nitakupeleka. Na hiyo ingine... pia nitakupeleka."

Bena hakuwa muuaji, wala jambazi. Alikuwa na mkono usiotetemeka. Sauti yake ilitetemeka, magoti yalitetemeka akiitwa kusoma neno mbele za watu, lakini mkono, hapana. Mwalimu wa timu ya shabaha chuoni Kentucky alimwona siku moja akidondosha matone ya dawa kwenye vichupa, akamwuliza kama amewahi kushika bunduki. Miaka miwili baadaye alikuwa na medali droo nzima. Alizipenda zile saa za kwenye mstari wa kufyatulia. Unalala kifudifudi, unashusha pumzi, na hakuna binadamu anayekudai useme neno. Huko Moshi mama yake aliamini medali zile ni za kwaya.

Shida ilikuwa wanaume. Cosmas wa Kentucky, alipoambiwa, alicheka sana, akasema ngoja nikanunue soda. Hajarudi mpaka leo.

Kwa hiyo Bena aliamua kwamba huyu mwenye pengo hatamwambia. Angalau si mapema.

*

Walianza Jumamosi iliyofuata, kwa Corolla ya Nehemiah ambayo kioo chake kilishushwa kwa mikono miwili na maombi. Uwanja wa kwanza, kule juu ya barabara ya two-seventy, ulikuwa umegeuka duka la mazulia. Wa pili ulipokea bastola peke yake. Wa tatu ulikuwa wa wanachama, na mwanachama mpya alisubiri mpaka wa zamani afe.

"Na wanaonekana wazima sana," Nehemiah alisema wakirudi kwenye gari. Bena alicheka mpaka akashika dashibodi.

Jumamosi nyingine wakavuka mto kuingia Virginia, kwenye duka la bunduki. Nehemiah aliingia mikono ikiwa juu kidogo, kama mtu aliyeamriwa na polisi asiyeonekana. Bunduki zilipangwa ukutani kama vijiko. Muuzaji, mzee mwenye ndevu hadi kifungo cha pili, alimwendea yeye moja kwa moja.

"Nikusaidie nini, bwana?"

"Mimi? Mimi nataka kofia."

Akauziwa kofia ya wawindaji, ya rangi ya chungwa inayowaka, akaivaa papo hapo kuonyesha kwamba ameridhika na hahitaji kingine.

Ndipo Bena alipoisogelea kaunta. Alinong'ona kuhusu skrubu ya kifaa cha kulengea, kwa bunduki ya risasi ndogo. Mzee aliinama ili asikie. Akauliza swali, akajibiwa. Akauliza jingine. Macho yakamng'aa kama aliyekutana na ndugu uwanja wa ndege. Akamchorea njia ya kwenda klabu fulani nyuma ya Annandale: wazee wastaarabu, Jumamosi mchana, hawabagui.

Nehemiah hakusikia hata neno. Alikuwa karibu na mlango, anasoma bango la kuonya kuhusu dubu.

Simu ya Bena ikaunganishwa, na kila jioni ikawa inalia.

"Umekula, Bena wa Kentucky?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali na maharage."

"Na nyama?"

"Leo hakuna nyama."

"Sasa hiyo ni chakula ama ni toba?"

Bena alicheka huku amejifunika mto asisikiwe na majirani.

"Wewe unacheka, mimi nateseka. Leo mzee ninayemhudumia kule kazini amenirushia uji kwa kichwa. Nikamwambia, asante baba, nilikuwa sijapata kifungua kinywa." Kisha sauti ikashuka. "Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Na ile chuma ya juu?"

"Na ya juu."

"Sawa, malaika. Lala."

Bena alidhani ndivyo Wakenya wanavyopenda, kwa kukagua makomeo. Akaanza kulingojea swali lile kama wengine wanavyongojea busu.

Hakujua kwamba Nehemiah halali. Tangu siku ya simu ya sarafu, kijana wa watu alikuwa ameshaamua kichwani mwake: msichana mpole, amehama jimbo ghafla, anatafuta pa kujifunza kufyatua, na akiulizwa anaangalia viatu. Yuko mtu anamwinda.

Siku alipomsaidia kubeba unga ndipo mambo yalipoharibika. Alifungua buti la gari la Bena, akakuta koti. Koti la turubai na ngozi, gumu kama ubao, lenye mikanda na vifungo vya chuma. Wapiga shabaha hulivaa ili mwili usitikisike. Nehemiah aliligonga kwa kidole. Ko, ko. Uso ukamshuka.

Koti la kuzuia risasi.

Bena aliuona ule uso. Akawaza: basi, ameelewa. Sasa atakwenda kununua soda.

"Nimekumbuka kitu," Nehemiah alisema, akauweka unga chini. "Nitakupigia."

*

Hakwenda kununua soda. Alikwenda kwa Mama Mumbi, mwenyekiti wa maombi wa ushirika wao wa Kiswahili, ambao ulikutana Jumapili alasiri katika ukumbi wa kukodi pale Adelphi. Alimwambia kwa siri. Na Mama Mumbi, ambaye hajapata kutoboa siri ya mtu isipokuwa mbele za Mungu, alisimama Jumapili ile na gauni lake la zambarau na kilemba cha rangi hiyo hiyo, akafumba macho.

"Baba, unamjua binti yako mmoja. Hatutaji jina. Ni mwembamba, Baba. Ametoka Kentucky juzi. Anakaa Gaithersburg, ghorofa ya pili, karibu na mashine za kufua. Hatutaji jina! Adui anamfuata, Baba, mpaka binti wa watu anatafuta bunduki..."

Macho yakafumbuka, moja moja. Vichwa vyote vikageuka kwa Bena.

"Amina!" akasema Elisante, Mtanzania mwenye kifua kama kabati. Baada ya sala alimjia mbio. "Dada, usiogope. Mimi na wenzangu tutalala kwenye gari nje kwako. Nimeshapanga zamu. Lete tu blanketi na chapati."

Mama mmoja alikuwa tayari anampakulia pilau, kama mfiwa. Bena alihisi uso unawaka hadi kwenye mistari ya nywele. Akatoka nje karibu kukimbia. Nehemiah akamfuata, kofia yake ya chungwa mkononi.

"Bena! Ngoja!"

"Umenitangaza kanisani!"

"Nimekuombea!"

"Kwa anwani kamili? Karibu na mashine za kufua, Nehemiah?"

"Hiyo ya mashine ni Mama Mumbi aliongeza. Bena, nilikuwa naogopa! Nimeona lile koti. Ningekaa tu ningoje kupigiwa simu na polisi?"

"Ungeniuliza!"

"Ungenijibu?"

Bena akafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamepangana nyuma ya meno: ni mchezo, ni medali, ninakupenda, usiende. Hakuna hata moja lililotoka. Akaingia garini, akaondoka.

Jioni simu ililia. Hakupokea. Iliendelea kulia juma lile na lililofuata, kisha ikachoka. Usiku wa kwanza wa kimya Bena alifunga mlango, akafunga na chuma ya juu, akakaa sakafuni, hana wa kumwambia kwamba amefunga.

*

Klabu aliipata peke yake, kwa ramani ya mzee wa ndevu: jengo refu la matofali nyuma ya Annandale. Wazee walikuwa wastaarabu kweli. Walimpa kahawa, wakampa nafasi ya mwisho kwenye mstari. Akavaa lile koti, akalala kifudifudi, akashusha pumzi.

Mkono ukatetemeka.

Alijaribu tena. Risasi ilikwenda pembeni kabisa, ikatoboa karatasi ya shabaha ya jirani, bwana mmoja mstaafu aliyefurahi sana kuongezewa alama. Bena aliushangaa mkono wake kama wa mtu mwingine. Miaka yote aliutegemea useme kwa niaba yake, na sasa nao umegoma. Akavua koti, akaenda kwenye simu iliyokuwa karibu na mlango.

"Hallo?" Sauti ya Nehemiah ilikuwa ya mtu aliyeamshwa baada ya zamu.

"Ni mimi."

Kitanda kikalia. Kisha, polepole: "Umefunga mlango?"

Bena akacheka huku akifuta machozi. "Nehemiah, kuna mahali nataka kukupeleka. Nisikuelekeze. Nikupeleke mwenyewe."

*

Jumamosi iliyofuata Bena alimfuata Adelphi kwa gari lake mwenyewe. Nehemiah alikuwa amevaa shati jeupe, tai, na ile kofia ya chungwa. Alibeba chupa ya chai na Biblia. Hakuuliza wanakwenda wapi. Walipoingia na kusikia milio ya kwanza, mikono yake ilipanda yenyewe. Mzee mmoja akamvisha vikinga masikio juu ya kofia, akamketisha kwenye benchi la watazamaji nyuma ya kioo angavu.

Bena akatokea na koti lake. Ukilivaa huwezi kupinda kiuno wala kiwiko; unatembea kama bata aliyekunywa. Nehemiah alitazama, akatazama tena, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Kisha binti akalala chini, na kicheko kikakoma.

Kilichokuwa mbele yake kilikuwa kidoti cheusi cha ukubwa wa kifungo cha shati, mbali. Bena alishusha pumzi. Alijua yule mtu yuko nyuma, na kwamba hana tena cha kumficha. Mkono ukatulia kama maji kwenye mtungi.

Msimamizi aliposimamisha ufyatuaji, Bena alikwenda kuichukua karatasi yake, akarudi nayo benchini. Katikati palikuwa na tundu moja, kubwa kidogo. Risasi zote zilipitia hapo.

Nehemiah aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe ni mchezo," akasema. "Kumbe hakuna mtu anayekusumbua."

"Yupo mmoja," Bena akasema karibu na sikio lake, kwa nguvu kidogo. "Kila jioni anauliza kama nimefunga mlango."

Nehemiah akasimama. Alisahau kwamba masikio yameziba. Alipofungua mdomo, alipiga kelele kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"BENADETHA! NATAKA KUKUOA!"

Kwa kuwa bunduki zilikuwa zimenyamaza, jengo zima lilisikia. Wazee hawakujua Kiswahili, lakini walimwona mwanamume aliyevaa tai, na machozi, na kofia ya wawindaji. Wakaweka kahawa zao chini.

"Ndiyo," Bena akasema.

"NINI? SISIKII!"

"Ndiyo."

"NIMEKOSEA? NIMEHARAKISHA?"

Angeweza kumvua vile vikinga. Mkono ulikuwa tayari umeinuka. Lakini akaushusha, akavuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapayuka mbele za watu:

"NDIYOOO! NIMEKUBALI! NA MIMI NAKUPENDA, WEWE KIZIWI!"

Wazee wakapiga makofi. Bwana mstaafu akauliza kama sasa anaweza kuongezewa alama nyingine.

Jumapili, Mama Mumbi alisimama na kilemba kipya cha manjano. Akafumba macho.

"Baba, tunakushukuru kwa ajili ya watoto wako wawili. Hatutaji majina. Mmoja ni mrefu, Baba, ana kofia ya chungwa. Wa pili, asiyemjua amwulize anayejua. Na ndugu Elisante, Baba, umwambie sasa aache kulala kwenye gari."

Vichwa vyote vikageuka. Bena alikuwa na gauni la bluu na uso unaowaka, lakini safari hii hakuangalia viatu. Aliushika mkono wa Nehemiah juu ya meza, watu wote wakiona, na wake haukutetemeka.