Waya wa Klachi Uliokatika Ijumaa

Pikipiki ya Obwocha ilijulikana katika kijiji chote cha Ikonge kwa kelele. Alipoiwasha alfajiri, majogoo walinyamaza kwa aibu. Usinibishie, mimi nilikuwa huko.

Kila siku ya kazi Obwocha alibeba majani ya chai ya mke wake, Phanice, hadi kituo cha kupimia. Lori la kiwanda lilikuja mara moja tu kwa siku na kuondoka saa kumi.

Ijumaa moja walikuwa na magunia mawili. Kwao Ijumaa haina mchezo. Jua likizama, Sabato inaingia, na hakuna kazi mpaka Jumapili. Majani yangekosa lori, yangegeuka mekundu guniani, na jasho lote lingekuwa mbolea.

"Baba Nyakerario, twende," Phanice alimwambia mume wake. "Saa nane imepita."

Obwocha alikuwa ameinamia usukani na kikata kucha.

"Unafanya nini hapo?"

"Waya wa klachi umeota ndevu. Zinanidunga kidole. Ninazinyoa."

"Tangu lini?"

"Hata wiki iliyopita nilinyoa tatu." Akacheka. Phanice hakucheka.

Kilima cha kwenda kituoni ni kikali. Ukiangusha sufuria juu, utaikuta chini imeshasuguliwa, inang'aa. Obwocha alitangulia na magunia. Katikati ya kilima akabadilisha gia. Tak! Mkono wa klachi ukalegea kama sikio la mbuzi mgonjwa. Pikipiki ikatikisika, ikazima.

Phanice alipofika kwa miguu, mume wake alikuwa ameunganisha waya kwa kamba ya mgomba.

"Unafunga pikipiki au ng'ombe?"

"Tulia, mama. Utaona."

Akaiwasha gia ikiwa ndani. Pikipiki iliruka kama ndama, ikamtupa kwenye shamba la chai la jirani. Magunia yakabiringika mpaka mtaroni. Kwa bahati hakuumia, isipokuwa kiburi chake.

"Tuyapakie tena magunia, tusukume hadi kwa Adongo," Phanice alisema.

Adongo alikuwa mwanamke aliyetoka upande wa ziwa. Alitengeneza pikipiki pale sokoni. Obwocha hakuwahi kumpelekea kazi. Alizoea kusema kwamba Adongo anajua samaki tu.

Adongo aliutazama waya. "Nani alikata nyuzi hizi?"

Obwocha akatazama mawingu.

"Ni yeye, kwa kikata kucha," Phanice alisema.

"Shemeji," Adongo alisema, "waya huu umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zinabeba mzigo wake. Ukiona ndevu, badilisha waya. Usinyoe."

"Na kamba ya mgomba?" Obwocha aliuliza.

"Ukifunga kamba au ukipiga fundo, klachi haiachii vizuri. Pikipiki inaondoka kabla hujataka. Kama kungekuwa na mtu mbele yako?"

Obwocha akaifungua kamba ya mgomba na kuitupa.

"Adongo, lori!" Phanice alisema. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

"Nimeona saa. Shemeji, shika hapa ujifunze."

Adongo aliulaza waya mpya kando ya ule wa zamani. Urefu ulikuwa sawa. Akalegeza nati za juu na chini. Akautoa waya wa zamani. Akadondosha oili ndani ya ganda la waya mpya mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha akaupitisha njia ileile ya zamani.

"Waya usiguse bomba la moshi, utaungua," alisema. "Na usikunjike."

Akafunga ncha zote mbili. Akageuza usukani kushoto na kulia. Waya haukuvutika.

"Sasa vuta klachi. Mwanzoni ilegee kidogo, kama unene wa sarafu. Ukikaza sana, klachi itateleza na kuungua. Ukilegeza sana, gia zitakwaruza."

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kukaanga samaki ni kazi ngumu zaidi."

Obwocha alishtuka. "Nani alikuambia maneno hayo?"

"Pikipiki yako. Ina mdomo sana."

Walifika kituoni lori likipakia gunia la mwisho la watu wengine. Karani wa kituo, Machogu, alizamisha mkono katika majani ya Phanice. Sisi tuliokwisha kupima tulisogea tuone.

"Bado ni mabichi, na hayajapata joto," alisema. "Leteni kwenye mizani!"

Jua lilipozama, Obwocha na Phanice walikuwa wameshaoga.

Siku hizi kila Ijumaa asubuhi Obwocha anakagua waya wa klachi, juu na chini, na kuutia oili. Chini ya kiti ana waya wa akiba. Waendesha boda boda wa kijijini walimcheka.

"Mzee, unatafutia pikipiki chawa?" Mokua, mmoja wao, alimwuliza siku moja.

"Fungua yako tuone."

Mokua alifungua. Waya wake nao ulikuwa umeota ndevu. Kisha akashusha mzigo wake wa majani taratibu.

"Obwocha, ndugu yangu," alisema, "gunia hili litaenea kwenye pikipiki yako?"

"Pandisha haraka," Obwocha alisema. "Leo ni Ijumaa."