Fundi Aliyechaji Sigara

Fundi simu ana duka dogo: meza moja, taa moja kali, na vikopo vya skrubu ambazo bila miwani hazionekani. Anafanya kazi na binti yake wa miaka kumi na saba. Wateja humwita binti huyo Dokta, kwa sababu simu zilizokata roho yeye huzifufua. Waya mwembamba kama unywele, akiushika unatulia. Baada ya miezi miwili atafanya mtihani wa vitendo wa kuingia chuo cha ufundi.

Fundi ni mtu wa maneno mengi, na kuna neno moja analolirudia kila siku. "Ukoo wetu hauvuti sigara." Mteja akija na sigara mdomoni, anaambiwa achague: aizime, au aondoke na simu yake mbovu.

Siku moja Dokta alichomeka kwenye chaja kidude cha zambarau, kirefu kama kidole.

"Nini hicho?" baba aliuliza.

"Cha mvuke, baba. Kinasaidia kifua."

"Aa, cha kujifukizia. Bibi yako alitufunika blanketi juu ya sufuria ya maji moto. Nyinyi mnajifukiza kwa umeme. Haya, mambo ya siku hizi."

Basi kila Dokta alipokohoa, baba alimwambia akajifukize. Tundu la chaji lilipolegea, alilitengeneza mwenyewe. Kuuliza si ujinga, lakini fundi wetu aliuliza nusu.

Kikohozi hakikuisha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Asubuhi moja Dokta alikata waya wa simu ya mteja, akatupa bisibisi, akamfokea baba yake. Hakuwahi kumfokea hata siku moja. Fundi aliingiwa na hofu. Kwa mikono ile, mtihani angeufanyaje?

Jirani yao muuguzi alikuwa kwenye benchi akisubiri simu yake. Alikichukua kile kidude, akakinusa.

"Kaka, sigara hii ni ya nani?"

"Sigara wapi, dada? Hicho ni cha kujifukizia."

Muuguzi akamgeukia Dokta. "Mwanangu, mwambie baba."

Dokta aliinamisha kichwa. "Wenzangu walisema ni mvuke tu, wenye ladha ya embe. Nilidhani sigara ni ile yenye moshi."

"Mvuke wa sufuria ni maji," alisema muuguzi. "Huu ni wa kemikali. Na ndani mna nikotini, ileile ya kwenye sigara. Inamnasa kijana upesi, maana ubongo wake bado unakua. Ukiikosa unakuwa na hasira, mikono inatetemeka, akili haitulii. Ukivuta unapata nafuu kidogo, halafu yanaanza upya. Na kifua kinazidi kuumia."

Fundi akakaa chini. "Kumbe mimi ndiye nilikuwa namchajia mwanangu sigara."

"Ni wewe. Sasa usimpige. Msaidie."

Muuguzi aliwaeleza la kufanya. Hamu huja kwa nguvu, lakini hupita baada ya dakika chache. Ikija, Dokta anywe maji, atembee, aongee na mtu. Siku za kwanza ndizo ngumu. Akiteleza, aanze tena. Na aje zahanati apate ushauri.

Dokta mwenyewe alikitoa kile kidude mezani, akampa baba akakivunje. Siku ya nne alilia bila sababu. Siku ya tisa alivuta cha rafiki yake, kisha akaja kusema mwenyewe. Baba alinyamaza. Kwa mtu wa maneno kama yeye, kumeza skrubu kungekuwa rahisi zaidi. Alivaa viatu, wakatoka wakazunguka jengo mara mbili, huku mteja akiwasubiri dukani.

Wiki zikapita. Kikohozi kikapungua, usingizi ukarudi, waya ukatulia tena mkononi.

Dokta akafanya mtihani, na matokeo yalipotoka aliingia dukani akitabasamu, akamkabidhi baba karatasi. Fundi alivaa miwani, akajaribu kusoma. Karatasi ilikuwa ikicheza mikononi mwake, na maneno yake yote yalikuwa yamemwishia.

"Lete, baba," Dokta alisema, akaichukua na kuishika imara. "Mkono wako unatetemeka. Nikusomee."