Wiki ya Sita Haina Mnunuzi

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, watu wa mtaa wa Verlin Stuckey, kule Ohio, hutoa nje vitu wasivyovitaka na kuviuza uani. Verlin alipanga meza yake mapema. Aliweka taa mbili, fimbo za kuvulia samaki, mashine ya kuokea mkate, na viatu ambavyo mkewe Lorene aliapa hajawahi kuviona mguuni mwa mtu. Katikati aliweka karatasi ya manjano: "Wiki moja Florida, kila mwaka, maisha yote. Dola moja."

Kufika saa nne, taa zilikuwa zimeondoka. Hata viatu vilipata miguu. Karatasi ilibaki palepale.

Mzee mmoja aliisoma. Akaiinua, akachungulia chini yake kama anayetafuta nge.

"Dola moja? Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa," Verlin alisema.

"Ada ya matunzo je?"

"Ipo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Elfu moja na mia tatu kwa mwaka."

Mzee aliirudisha karatasi taratibu. "Nipe fimbo ya samaki."

Lorene alicheka mpaka akaangukia kiti kilichokuwa kinauzwa.

Mambo yalianza miaka kumi na tisa nyuma. Wakiwa likizoni Florida, walialikwa hotelini kula kifungua kinywa cha bure. Sharti lilikuwa moja: wasikilize maelezo kwa dakika tisini. Dakika hizo zikazaa saa tano. Verlin alikula chapati za maji saba, akatia saini kununua wiki moja kwa mkopo, ambao sasa alikuwa ameshaumaliza. Tangu hapo, wiki ya sita ya kila mwaka, fleti moja ya hoteli ile ni yao. Na ada ni yao, waende wasiende.

Ada ilipanda kila mwaka. Magoti ya Verlin yalizidi kuchoka. Sasa ulikuwa mwaka wa nne hawajaenda. Lakini lililomkosesha raha hasa ni yale maneno "maisha yote". Siku wao wakifa, mzigo ungemwangukia binti yao Janelle, aliyekuwa akilea watoto wawili peke yake.

Pale mezani simu ikalia. Verlin alisikiliza, uso ukamchanua.

"Lorene! Kuna bwana kanipatia mnunuzi! Mtu wa Meksiko, dola elfu kumi na mbili! Anataka tu nitume elfu tatu za makaratasi kabla ya Jumatatu."

"Elfu tatu? Si ndizo tulizoweka za paa hizo?"

"Paa tutalitengeneza kwa chenji, mke wangu!"

Jirani yao Bernadine Kozak alikuwa akiikagua mashine ya mkate. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya hati za ardhi, na masikio yake hayakuwa yamestaafu.

"Verlin," alisema, "umekaa hapa tangu asubuhi. Umeshindwa kuiuza kwa dola moja. Huyo kampata wapi mtu wa elfu kumi na mbili?"

Verlin akajitetea, "Lakini anajua jina langu, mpaka namba ya fleti!"

"Hati za umiliki ziko wazi ofisini. Yeyote akiomba anasoma. Mwambie achukue elfu tatu zake kutoka kwenye pesa za mnunuzi."

Verlin akamwambia hivyo hivyo. Simu ikakatika.

"Maskini," Lorene alisema. "Mtu wa Meksiko kafariki ghafla."

Bernadine aliketi. "Jirani, anayedai malipo kabla ya kazi, mkimbie. Mpigie aliyekuuzia, yaani hoteli yenyewe. Namba itoe kwenye bili yako, usipewe na mtu. Uliza kama wanapokea wiki zinazorudishwa. Hoteli nyingi zinapokea, ila hazitangazi. Watataka uwe umemaliza mkopo na hudaiwi ada."

"Mimi nilitaka niache kulipa tu."

"Thubutu! Deni lina miguu. Litakufuata mpaka kwenye kibaraza chako."

"Na Janelle?"

"Mkifa kabla hamjairudisha, anaweza kuukataa urithi huo kwa maandishi. Ila asiitumie fleti wala asilipe ada kabla hajamwona mwanasheria."

"Kumbe mlango upo," Verlin alisema.

"Ulikuwepo tangu mwanzo. Florida humpa mnunuzi siku kumi za kuvunja mkataba kwa barua. Zile siku kumi ulikuwa wapi?"

"Kanisani," Lorene alidakia, "akiwaringia watu."

Jumatatu Verlin alipiga simu hotelini. Binti aliyepokea alimwambia ana bahati kweli: akiongeza pesa kidogo, atapata wiki kubwa zaidi, yenye bahari dirishani. Jasho likamtoka Verlin. Lorene alisimama mbele yake akitikisa kidole.

"Nataka kurudisha," Verlin alisema. Aliyasema maneno hayo mara tatu, kwa watu watatu. Wa tatu akamtumia fomu.

Alilipa ada ya mwaka ule, akiuma meno. Walitia saini mbele ya mthibitishaji wa saini. Wakatoa nakala ya kila karatasi, wakatuma kwa barua ya rejista.

Septemba hoteli ikajibu: wamekubali. Verlin alikimbilia kwa Bernadine, magoti ameyasahau.

"Bado," Bernadine alisema. "Nionyeshe hati mpya iliyosajiliwa."

Nakala ilifika Oktoba. Jina la Stuckey halikuwemo tena mahali pa mwenye mali. Bernadine aliisoma mara mbili, akaguna. Kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Zile elfu tatu zilipanda juu ya nyumba. Wiki ya sita ya mwaka uliofuata theluji ilianguka, na paa jipya halikuvuja hata tone. Janelle alikuja na watoto. Babu yao akawapikia chapati za maji.

Agosti, kwenye maonyesho ya wilaya, msichana mwenye tabasamu pana alimsimamisha Verlin.

"Mzee wangu, kifungua kinywa cha bure! Ni dakika tisini tu."

"Hicho nimeshakila, binti yangu," Verlin alisema. "Nimekilipia miaka kumi na tisa."