Filamu Aliyoipendekeza Noreen

Jumanne ile ilianza kama Jumanne zote za Januari katika mji wetu mdogo wa Saskatchewan, Kanada. Baridi ilikata masikio, magari yalichomekwa kwenye umeme injini zisigande, na Noreen alikuwa nyuma ya kaunta ya maktaba akibandika kadi kwenye DVD za filamu za kuazimisha. Pale kila mfanyakazi huandika kadi ya filamu anayoipendekeza, kisha hutia sahihi. Sharti ni moja: usitie sahihi kwenye filamu ambayo hujaitazama.

Noreen alitia. Filamu yenyewe hakuwa ameiona hata dakika moja, ila riwaya ilikotolewa aliisoma mara nne tangu amzike mumewe. Ilikuwa hadithi ya giza, isiyo ya kawaida. Mwanamume anabishiwa hodi kila asubuhi na mkewe aliyekufa, naye kila asubuhi anakaa kitini, hafungui, mpaka hodi inakoma. Hadithi hiyo ndiyo iliyomshikilia Noreen. Machozi yalimkauka siku ya mazishi, na tangu hapo moyo wake ulikuwa ganzi tupu.

Mchana akaingia kaka yake, Delbert, ndugu pekee aliyembakia. Mkewe, Ardith, alikuwa na miezi miwili kaburini. Noreen akamsukumia filamu.

"Filamu ya wafiwa?" Delbert akaigeuza mkononi. "Umeishiwa huruma, dada."

"Itazame tu. Mwishoni hafungui mlango."

"Sasa si umeshanimalizia utamu?"

"Nataka ujue mapema, Del. Hafungui."

Delbert akacheka kidogo, akaitia mfukoni. Noreen aliridhika, alidhani amempa dawa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ya maktaba ikalia.

"Noreen, sema kweli." Delbert alikuwa ananong'ona. "Hii filamu uliitazama?"

"Nilisoma kitabu."

"Basi wamebadilisha mwisho. Jamaa anafungua."

"Hafungui, Del."

"Ameshainuka. Ameshika kitasa. Maskini, hana hata viatu."

Simu ikakatika. Noreen alipiga tena mara tatu, haikupokelewa. Akachukua koti.

Alikuta mlango wa kaka yake wazi. Koti la Delbert lilining'inia mahali pake. Buti zake zilikuwa chini yake, kavu. Theluji ya uani ilikuwa laini, haijakanyagwa. Aliita. Alizunguka vyumba vyote. Hapakuwa na mtu.

Polisi walimwambia kwa simu asubiri ndani, asiguse kitu. Akakaa sebuleni. Runinga ilikuwa inawaka, filamu imesimamishwa katikati. Delbert hakuwa ameufikia mwisho.

Noreen akabonyeza iendelee. Alitazama bila kupepesa macho. Hodi ilipigwa. Mtu yule alikaa kitini. Ikapigwa tena. Akakaa. Hodi ikakoma, filamu ikaisha, mlango haukufunguliwa, kama kitabuni.

Ndipo alipoelewa kwamba Delbert hakuwa anamsimulia filamu.

Polisi walipofika walikuta nyayo jikoni, ambazo Noreen hakuziona alipozunguka. Zilikuwa za theluji, ndogo, za miguu mitupu, kutoka mlangoni hadi penye simu. Waliwasha joto. Theluji ya buti zao ikayeyuka sakafuni. Ile ya nyayo haikuyeyuka. Noreen aliipangusa kwa kitambaa, kitambaa kikatoka kikavu.

Walimtafuta Delbert wiki tatu, wakachoka. Noreen alijua ni yeye aliyempa ile filamu na kumwapia asichokijua. Alitaka kulia. Hakuna kilichotoka, na hilo lilimtisha kuliko nyumba yenyewe.

Aprili, mji mzima ulipokuwa matope, alikwenda kufungasha vyombo vya kaka yake. Zile nyayo zilikuwa pale pale, nyeupe. Kando yake palikuwa na nyingine, kubwa, za mwanamume asiye na viatu.

Zote zilikuwa zinaingia ndani.