Pumzi Kumi na Nne kwa Dakika

Asubuhi hiyo fundi aliukuta mkanda chini ya mashine ya kukereza, umekatika, umelala katika chenga za chuma. Mashine yenyewe ilikuwa inaendelea na kazi.

Hapo angepaswa kuizima. Mkanda ule mdogo wenye meno uliunganisha kichwa cha mashine, kinachozungusha chuma, na kikopo kisichozidi kikombe cha kahawa. Chuma kilipomaliza mzunguko mmoja, kikopo kilitoa alama moja. Kigari kinachobeba kisu huisubiri alama hiyo ndipo kiondoke, ili kila pito kisu kirudi katika mfereji uleule na kuuzamisha kidogo zaidi. Alama ikikosekana, mashine hugoma na kuwasha taa nyekundu. Uzi wa parafujo haukatwi kwa kubahatisha.

Lakini kigari kilisubiri, kikaondoka, na kisu kikaingia mferejini bila kukosea hata unywele. Fundi aliutazama uzi kwa lenzi. Ulikuwa safi kuliko wowote aliowahi kukata. Parafujo yenyewe ilikuwa nene, ya mtambo wa kukamulia mafuta, kazi ya mapito sitini. Akasema neno ambalo mafundi wengi wamewahi kulisema, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kulisema: "Kama inatoka sawa, usiiguse."

Karakana ilikuwa ya baba yake. Ukuta mmoja tu uliitenga na chumba alimolala mzee, mapafu yakiwa yamechakaa kwa vumbi la miaka arobaini. Saa nne mama yake alichungulia mlangoni, uso umekunjuka.

"Binti yangu, baba yako anapumua kama mtoto mchanga. Hata ile filimbi ya kifuani imenyamaza."

"Dawa mpya hiyo."

"Dawa gani? Alfajiri aliitema, akautukana na ukoo wangu wote."

"Basi amepona kweli."

Walicheka wote wawili. Kicheko hicho mama alikuja kukikumbuka kwa aibu, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Kufikia saa sita karakana ilikuwa na harufu. Si ya mafuta, si ya chuma cha moto. Fundi aliokota chenga moja, akaiona ina unyevu na uvuguvugu. Alipoinusa, ilinuka kinywa cha mgonjwa aliyeamka. Aliitupa, akanawa mikono, akaenda kumwona mzee.

Mzee alikuwa amelala chali, macho wazi, hapepesi. Pete ya ndoa ilikuwa imemchomoka na kudondoka shukani, kwa jinsi kidole kilivyokonda tangu asubuhi. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka. Fundi akahesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko kulikokuwa kumemlea: pumzi kumi na nne kwa dakika. Aliporudi karakanani na kukitazama kioo cha mashine, kilionyesha mizunguko kumi na minne kwa dakika.

Alibonyeza kitufe chekundu.

Upande wa pili wa ukuta mama alipiga ukelele. "Hapumui! Njoo, baba yako hapumui!"

Fundi akaiwasha tena. Chuma kilianza kuzunguka, na ukutani ukapenya mvuto mrefu wa pumzi, laini, usio na kikohozi, kama wa mtu asiyejua maumivu ni nini.

Mjomba, kaka yake mama, aliitwa. Alikuwa na kazi mbili, kusuka mota zilizoungua na kutoa majini, na mwenyewe alidai ni kazi moja. Aliweka kiganja juu ya kikopo kisicho na mkanda, akakiondoa upesi.

"Kuna nafasi hapa ilibaki tupu," alinong'ona, "na kuna kiumbe amekaa. Ndiye anayetoa alama. Anaichukua kwenye kifua cha baba yako."

"Tangu saa ngapi, mjomba?"

"Mimi niulizwe? Ni nani aliyeuona mkanda chini?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Sikusemi, mpwa wangu. Kazi nzuri hupofusha. Umebakiza mapito mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kila pito kisu kinazama, na baba yako anakonda. Uzi ukifika kina chake, atakuwa amekwisha. Rudisha mkanda, mwenye nafasi yake aikalie."

"Kuufunga mkanda lazima nizime."

"Basi utakuwa na muda ambao mtu anaweza kukaa bila pumzi. Na ufunge palepale. Alama mpya ikikosea mfereji, kisu kitakata mahali pengine, na kitakachokatwa hakitakuwa chuma."

Mama alisimama chumbani, kiganja juu ya kifua cha mumewe. Mjomba alisimama mlangoni, katikati yao. Fundi akasubiri kisu kimalize pito na kujitoa, kisha akazima, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kelele zote za karakana ile. Akakisogeza kigari hatua kamili, mfereji hadi mfereji, kutoka pale kinapoanzia, akashika taya zinazobana chuma na kuzizungusha kwa mikono, polepole ingawa kila kiungo chake kilitaka haraka, mpaka ncha ya kisu ikatua katikati ya mfereji kama alivyofundishwa na mtu yuleyule ambaye sasa hakuwa anapumua, na alipouchukua mkanda mpya mama akasema, "Anabadilika rangi," naye akazungusha kikopo, kitaa kidogo kinachoonyesha alama kisiwake, akakizungusha tena, na kutoka ndani ya kikopo kikavu, kisicho na hata tundu moja, pumzi yenye harufu ya chenga ikampiga usoni, mara moja, mara mbili, kama anayemwambia ngoja, ngoja, mpaka kitaa kikawaka, akautia mkanda, akaukaza kwa bolti moja kwani ya pili ilimponyoka, akarudisha kisu nyuma na kuwasha.

Kigari kilisubiri. Kikaondoka. Kisu kikaingia mferejini.

Ukutani, kimya.

"Mama?"

"Bado."

Halafu mzee akakohoa. Kikohozi kibaya, kikavu, kikifuatwa na filimbi ya kifuani, na pumzi zilizokuja baada yake zilikuwa fupi, ndefu, fupi, hakuna mbili zilizofanana, hakuna hata moja iliyokwenda na mashine. Mjomba akaketi kizingitini, akajifuta jasho. Mama alikuwa analia na kushukuru kwa pamoja.

Fundi akazima mashine. Kikohozi kiliendelea. Akakimbilia chumbani na spana mkononi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba."

Mzee alimshika mkono. Kila neno lilimgharimu.

"Yule... aliyekuwa ananipumulia..."

"Ameondoka, baba. Tumemtoa."

"Sikuumwa," mzee alisema. "Siku nzima... sikuumwa." Akakohoa mpaka shuka ikapata madoa, kisha akamvuta binti yake karibu, macho yakiwa ya baba yake kabisa, yenye akili zote. "Mrudishe."

Mama aliacha kulia. Mjomba hakumtazama mtu.

Mkanda ulishikiliwa na bolti moja tu. Fundi aliendelea kupiga magoti pale, akisikiliza kila pumzi ikikwaruza njia yake kutoka, na hakuiweka spana chini.